Kioo, fayansi au jiwe: uchague lipi kwa kidani cha mtindo wa Misri ya kale?

Msimu wa harusi ukikaribia, huwa haipiti wiki mbili bila mtu kunijia na picha kwenye simu. Mara nyingi ni picha ya kidani kipana kinachofunika kifua kizima, safu juu ya safu za shanga za buluu, nyekundu na kijani, kama vile tunavyoona kwenye sanamu za malkia wa Misri. Swali ni lilelile: “Nikitengenezewa hiki, kiwe cha kioo au cha mawe?” Nami hufungua kopo dogo la bati lililo kando ya meza yangu ya kutungia. Ndani mna shanga tatu, kila moja ina urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Zote ni za buluu. Moja ni kioo, moja ni jiwe la lapisi lazuli, na ya tatu ni kitu ambacho wateja wengi hawajawahi kukisikia: fayansi. Humwambia azishike, azipime uzito kiganjani, aziguse kwa midomo, kisha azitazame dirishani kwenye jua. Baada ya hapo mara nyingi swali lake hubadilika.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa kidani kipana, ningechukua fayansi. Kwa vipuli na kwa vipande vya kupachika ndani ya dhahabu au fedha, kioo. Kwa pete na bangili ya kuvaa kila siku, jiwe. Wamisri wenyewe walikuwa na vyote vitatu mbele yao kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ukiangalia walikitumia kipi wapi, unaona walikuwa wanapima mambo yaleyale tunayoyapima sisi.

Fayansi, ambayo si udongo wala si kioo

Jina lake linapotosha. Limetokana na mji wa Faenza, Italia, unaosifika kwa vyombo vya udongo vyenye mng'ao. Wazungu walipoviona vitu vya Misri vinavyong'aa wakavipa jina hilohilo, ingawa havina undugu. Fayansi ya Misri ni mchanga mweupe au mawe magumu yaitwayo kwatzi, yaliyosagwa yakawa unga, yakatiwa chokaa kidogo, magadi au majivu ya mimea ya chumvi, na unga wa shaba wa kutoa rangi. Wamisri wenyewe waliiita tjehenet, yaani kinachong'aa.

Magadi hayo usiyawazie mbali. Ni ndugu wa yale tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Wamisri waliyapata hasa Wadi el-Natrun, kaskazini-magharibi ya Cairo ya leo, na jina la madini hayohayo ndilo linalobebwa na Ziwa Natron letu, kule kaskazini kwa Wamaasai.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba fayansi hujipaka mng'ao yenyewe. Unakanda unga wako na maji, unauviringisha kwenye kijiti cha nyasi ili ubaki na tundu, unauacha ukauke. Maji yanapotoka, chumvi hupanda nayo mpaka juu na kubaki hapo kama ukoko mweupe, kama chumvi inayoachwa na jasho kwenye shati jeusi. Ukitia tanurini, kati ya nyuzi 800 na 1000 hivi, ukoko ule huyeyuka ukawa kioo chembamba, kijiti kinaungua, na ushanga unatoka wa buluu ya feruzi. Kwa hiyo ndani ni mchanga ulioshikana, nje ni ngozi ya kioo.

Nilijifunza maana ya ukoko huo kwa hasara. Mara yangu ya kwanza nilichoma shanga kama sitini, nikafungua tanuri nikakuta chache tu ndizo zimeng'aa vizuri. Nyingi zilikuwa na mabaka meupe mawili, moja upande huu na jingine upande wa pili. Nilikaa nazo muda mrefu kabla sijaelewa: ilikuwa alama ya kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa nimezishika zikiwa kavu ili nizipange tanurini, nikafuta chumvi bila kujua. Siku hizi nazichomeka kwenye waya zikiwa bado mbichi, na waya ndio ninaoushika mpaka mwisho.

Ipo njia nyingine isiyokuwa na shida hiyo. Ushanga mkavu unazikwa ndani ya unga wa chokaa, majivu na shaba, kisha vyote vinachomwa pamoja. Unga haushikani na ushanga. Ukipoa unaupukuta, ushanga unatoka umevaa buluu pande zote, bila hata doa la mahali ulipokalia. Katika miaka ya 1960 mafundi wa Qom, Iran, walikuwa bado wanatengeneza hivyo shanga za buluu za kuwavalisha punda, na ndipo watafiti wa Misri walipopata kuiona kwa macho kazi waliyokuwa wanaikisia kutokana na mabaki. Njia ya tatu ni kupaka tu uji wa rangi kwa mkono, na hiyo haina siri.

Fayansi ilikuwapo Misri kabla ya 3000 KK. Chini ya piramidi ya ngazi ya Farao Djoser, karibu 2650 KK, vyumba vilipambwa kwa takriban vigae 36,000 vya fayansi ya buluu. Kidani cha Wah, mtumishi wa mkuu mmoja wa Thebes aliyezikwa miaka 1,900 na ushei kabla ya Kristo, ni cha shanga za fayansi zilizotungwa kwa uzi wa kitani, na sasa kipo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Huko Amarna, mji wa Farao Akhenaten, mwanaakiolojia Flinders Petrie alipochimba mwaka 1891 na 1892 alikuta maelfu ya kalibu ndogo za udongo: za petali za yungiyungi, za tende, za vishada vya zabibu, za pete zenye jina la mfalme. Kila petali iliwekewa kijipete juu na chini, ili uzi upite na safu zikae mahali pake. Ukiwa na kalibu, mtoto wa fundi anaweza kutoa petali mia kabla ya jua kuzama.

Kioo, mgeni aliyekuja na heshima ya wafalme

Kioo kilichelewa. Ushanga wa hapa na pale unaonekana mapema, lakini ufundi wa kukusudia ulianzia upande wa Mesopotamia na kaskazini mwa Syria, kati ya 1600 na 1500 KK. Misri ulishika kasi wakati wa Thutmose III, aliyetawala 1479 hadi 1425 KK na kupeleka majeshi Syria mara kwa mara. Wake zake watatu wenye majina ya kigeni, Menhet, Menwi na Merti, walizikwa na vito vya dhahabu vilivyopachikwa akiki, feruzi na kioo bega kwa bega. Hapo kioo hakikuwa cha maskini. Kilikuwa kitu kipya, kigumu kukipata, na mfalme alikiagiza kwa barua.

Barua zenyewe zipo. Katika mabamba ya udongo yaliyopatikana Amarna, Farao anawataka watawala wa miji ya Kanaani wamletee kioo, nacho kinatajwa kwa maneno ya kigeni, ehlipakku na mekku. Yidya wa Ashkeloni anajibu kwamba amepeleka vipande 30. Vipande vya namna hiyo vilipatikana pia baharini: jahazi lililozama Uluburun, pwani ya Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK, lilikuwa na mabonge ya kioo kama 175, ya buluu nzito, ya feruzi na mengine, kila bonge duara nene lenye umbo la chungu lilimoyeyushiwa. Kwa muda mrefu watu walidhani Misri ilikuwa inanunua tu mabonge na kuyayeyusha upya. Kisha watafiti Thilo Rehren na Edgar Pusch wakaonyesha mwaka 2005, kwa mabaki ya vyungu kutoka Qantir, uliokuwa mji wa Ramesses, kwamba Wamisri walitengeneza kioo tangu mwanzo, kuanzia mchanga. Walikipika mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani mpaka kikawa tope lililoiva nusu, kisha kikasagwa, kikaoshwa, kikatiwa rangi na kuyeyushwa kabisa kwa moto mkali zaidi.

Fundi wa shanga hakuwa na haja ya kazi hiyo nzito. Alichukua ufito wa kioo, akaulainisha motoni, akauzungusha kwenye waya wa shaba uliopakwa udongo, kama asali nzito inavyozungushwa kwenye kijiti. Udongo ule ndio unaomwezesha kuuchomoa ushanga ukipoa. Ukitazama kwa lenzi ushanga wa namna hiyo, unaona mistari myembamba inayozunguka tundu, na mara nyingi kijimkia pale ufito ulipokatiwa. Mimi naupenda mkia huo. Ndio sahihi ya mkono wa mtu.

Jambo moja la kuwasaidia wanunuzi: Wamisri wa enzi za Mafarao hawakupuliza kioo. Kupuliza kulianza karne ya kwanza KK kwenye pwani ya Syria na Palestina. Ukiuziwa ushanga mkubwa mtupu ndani, mwepesi kama puto, ukaambiwa ni mtindo wa Tutankhamun, huo si mtindo wake hata ukiwa mzuri.

Jiwe

Hapa sitakaa sana, kwa sababu jiwe kila mtu anadhani analijua, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Akiki nyekundu waliiokota kwenye jangwa la mashariki na Nubia. Feruzi ilichimbwa Sinai, hasa Serabit el-Khadim, penye hekalu la mungu wa kike Hathor, aliyeitwa Bibi wa Feruzi. Lapisi lazuli ilisafiri kutoka Badakhshan, Afghanistan, mkono kwa mkono, maelfu ya kilomita.

Taabu ya jiwe ni tundu. Katika mchoro wa ukutani kutoka kaburi la Sobekhotep, ulioko jumba la makumbusho la Uingereza, mafundi wameketi wakivuta upinde unaozungusha keekee kadhaa kwa pamoja, kila moja juu ya ushanga wake, huku unga wa mchanga mgumu ukifanya kazi ya kukata. Akiki ina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha wanajiolojia cha 1 hadi 10. Shaba peke yake haiigusi. Ndiyo maana safu moja ya shanga ndogo za akiki ilibeba siku nyingi za mtu, na ndiyo maana hadi leo fundi akikutajia bei ya jiwe lililotobolewa kwa mkono usimwone mchoyo.

Rangi: hapa ndipo penye tofauti kubwa

Rudi kwenye shanga zangu tatu za buluu. Ukizishika kwenye jua, lapisi inabaki kama ilivyokuwa: buluu nzito yenye chembe za dhahabu na mawingu meupe, nuru inaishia juu ya ngozi yake. Kila ushanga una sura yake. Ukitunga safu nzima ya lapisi unapata kitu chenye uhai, lakini kisicholingana.

Fayansi inameta kwa juu, na chini ya mmeto kuna weupe wa mchanga unaorudisha nuru. Buluu yake ni ya maji ya kina kifupi, kama bahari ya Nungwi saa nne asubuhi. Ni ya shaba, na huteleza kwenda kijani kutokana na moto na majivu, kwa hiyo shanga za tanuri moja hazifanani kabisa. Watu wengine hulalamikia hilo. Mimi naona ndilo linalokifanya kidani kipumue.

Kioo ndicho chenye rangi inayotii. Buluu nzito ya kobalti ilitokana na shabu ya oasisi za jangwa za Kharga na Dakhla, upande wa magharibi ya Mto Nile. Shaba ilitoa feruzi, na shaba hiyohiyo ikinyimwa hewa ilitoa nyekundu ya damu, kazi ngumu kuliko zote. Antimoni na risasi vilitoa njano, antimoni na chokaa vikatoa nyeupe, manganizi ikatoa zambarau. Kwa hiyo fundi wa kioo aliweza kuiga lapisi, feruzi na akiki, tena rangi ileile kipande baada ya kipande. Ukitaka mistari mirefu ya buluu isiyobadilika hata kidogo, jiwe litakusumbua.

Angalia barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, aliyefariki karibu 1323 KK. Kope na nyusi zake zimepachikwa lapisi lazuli. Ile mistari mikubwa ya buluu ya kilemba, inayoshika jicho lako kabla ya kitu kingine chochote, ni kioo. Waliokuwa na dhahabu ya kilo kumi kwa barakoa moja hawakutumia kioo kwa kukosa fedha. Walitaka buluu moja, ndefu, safi, ukingo hadi ukingo, na kioo ndicho kilichoweza.

Haina maana kwamba hawakuona tofauti. Lugha yao ilikuwa na khesbedj maa, lapisi ya kweli, na khesbedj iryt, lapisi iliyotengenezwa. Waliziandika mbalimbali katika hesabu za mali, lakini zote mbili ziliingia hazina ya mfalme. Ndivyo ningependa mteja wangu afikirie: aambiwe wazi ananunua nini, kisha asione haya kuchagua cha kutengenezwa.

Na kwenye hirizi ni hivyohivyo. Kitabu cha Wafu, mkusanyiko wa maneno ya kumlinda marehemu, katika sura yake ya 156 kinataka fundo la Isis, hirizi ya mungu wa kike Isis, liwe la jiwe la yaspi nyekundu. Makaburini yamepatikana ya yaspi, ndiyo, lakini pia ya akiki, ya fayansi na ya kioo chekundu. Rangi ndiyo iliyobeba kazi: nyekundu ya damu, kijani cha mafunjo yanayochipua, buluu ya mbingu.

(Kioo cha ajabu kuliko vyote katika kaburi la Tutankhamun hakikutengenezwa na mtu. Kwenye pambo moja la kifuani kuna mbawakawa wa rangi ya manjano iliyopauka, ambaye Howard Carter, aliyelifukua kaburi hilo, alimdhania jiwe la kawaida. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha ni kioo cha jangwani, kilichozaliwa kwa joto la kitu kilichotoka angani, karibu miaka milioni 29 iliyopita, kwenye mchanga wa mpaka wa Misri na Libya. Mtu alikiokota, akakiona kinafaa, akakichonga.)

Kuvaa: uzito, kugongwa, jasho

Kidani kipana, ambacho wenyewe waliita wesekh, kina safu nyingi, na kila safu inavuta shingo. Walikuwa wakining'iniza kipande cha uzani mgongoni, mankhet, ili mbele kusilemee. Hapa fayansi inashinda bila ubishi, kwa sababu ndani ina vitundu vya hewa na ni nyepesi kuliko kioo au jiwe la ukubwa uleule. Bibi harusi anayekaa kwenye jukwaa saa tano na kidani cha akiki na lapisi cha safu saba atanikumbuka vibaya.

Kwenye kugongwa mambo yanageuka. Fayansi ni dhaifu ikiwa nyembamba. Zile pete za Amarna zenye majina ya wafalme zilitolewa kwa wingi na zimepatikana vipande vipande kwa wingi. Pengine zilivaliwa kwa sherehe tu. Usinunue pete ya fayansi kwa mkono unaoosha vyombo. Kioo kinastahimili zaidi kikiwa kinene na kikipoozwa polepole. Kikipozwa haraka hubaki na msongo ndani na siku moja hupasuka mezani bila kuguswa. Muulize fundi: baada ya moto shanga hukaa wapi? Akikuambia anaziweka kwenye tanuri la nyuzi 500 hivi zishuke usiku kucha, nunua. Akikuambia anaziacha juani, shukuru uende.

Mikwaruzo nayo ihesabiwe. Vumbi letu lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Kioo na lapisi viko karibu 5 na nusu, feruzi kati ya 5 na 6. Akiki peke yake ndiyo inayolingana na vumbi, na ndiyo sababu naitaka kwa pete na bangili.

Jasho, mafuta ya nazi, manukato na ndimu: kioo hakijali, futa tu. Feruzi hunywa mafuta na kugeuka kijani. Lapisi huchukia kitu chochote chenye ukali wa ndimu. Fayansi ni salama mpaka ngozi yake ipasuke. Ikipasuka mwili wake wa mchanga unanyonya kama chaki. Kwa sisi tunaoishi pwani, kwenye joto na unyevu, hilo si jambo dogo. Jipake mafuta kwanza, subiri, ndipo uvae kidani.

Vipuli ni habari nyingine, na hapa moyo wangu uko kwenye kioo. Katika Nasaba ya 18, ukoo wa kifalme wa kina Thutmose na Tutankhamun, Wamisri walivaa vifito vya kioo kwenye ndewe, mfano wa uyoga, shina likipita kwenye tundu na kichwa kikibaki mbele. Mara nyingi shina ni la buluu karibu na nyeusi, na juu yake umesokotwa uzi mmoja mweupe unaozunguka kutoka chini hadi juu. Tundu la sikio lilikuwa pana. Nikiviona nawakumbuka bibi zetu wa Lamu na Unguja na majasi yao. Kipande hicho kwa jiwe kingekuwa kizito na kisicho na mchoro ule; kwa fayansi kingevunjika shingoni.

Kama unataka kutengeneza mwenyewe

Anza na fayansi. Huhitaji mwali wa gesi wala miaka ya mazoezi, unahitaji tanuri dogo linalofika nyuzi 950 hivi. Shaba iwe kidogo, karibu sehemu 3 kwa 100. Ukizidisha rangi inakuwa nyeusi na chafu. Vaa barakoa ya vumbi unapopima unga wa kwatzi, kila mara, hata kwa dakika moja, maana vumbi hilo huharibu mapafu na halitoki. Kioo kinataka mwalimu. Jiwe linataka mwalimu, maji yanayotiririka kwenye keekee na subira ambayo mimi, kwa kweli, sina; mawe yangu nanunua yakiwa yametobolewa.

Na kama unanunua, tahadhari mbili. Ya kwanza: usinunue kitu kinachosemwa ni cha kale. Biashara ya mambo ya kale imepigwa marufuku Misri kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983, na zile shanga ndefu za fayansi zinazouzwa kama za maiti zilikuwa zimetungwa juu ya mtu aliyelazwa kaburini. Shanga mpya kutoka kwa fundi aliye hai hazipungukiwi kitu. Ya pili: feruzi nyingi za bei ya kutupa ni jiwe jeupe lililotiwa rangi. Chovya pamba kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, sugua karibu na tundu. Pamba ikigeuka buluu, umepata jibu. Plastiki utaijua kwa midomo, ni vuguvugu mara moja; kioo ni baridi, na akiki ni baridi zaidi, tena hukaa nayo.

Kuhusu kuchanganya, usiogope. Nilichomtungia dada mmoja mwaka jana kilikuwa na safu tano za fayansi ya feruzi, safu moja nyembamba ya akiki katikati, na matone ya kioo cha buluu nzito kwenye ukingo wa chini, yanayogusa kifua. Ndicho kidani ninachokipenda kuliko vyote nilivyotoa.

Ila kilinikatikia mara moja mezani, kabla hajaja kukichukua, na kilikatikia kwenye akiki. Ushanga wa jiwe hutobolewa kutoka pande mbili, matundu yakutane katikati, na pale yanapokutana hubaki ukingo mkali ndani usioonekana. Ushanga wa kioo tundu lake limelainishwa na moto, na la fayansi limeachwa na nyasi iliyoungua, hayo hayakati. Kwa hiyo kabla ya kutunga jiwe, pitisha kwanza uzi wa pamba ndani yake, uvute mbele na nyuma mara kumi, kisha utazame uzi. Ukiona umenyonyoka, uweke ushanga huo pembeni, au uusugue ndani kwa sindano yenye unga wa msasa mpaka uzi upite salama.